Mabao Anayo, Miguu Je?

Juni 2017, timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, zilikutana kwenye ukumbi wa United Center mjini Chicago kwa drafti, yaani kuchagua vijana kwa zamu. Yalitajwa majina 38 kabla ya zamu ya Jason Robertson kufika. Msimu uliokuwa umemalizika, winga huyo wa Kingston Frontenacs alikuwa amepachika mabao 42 katika OHL, ligi ya vijana ya Ontario nchini Kanada, na alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Kuhusu mikono yake hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye miguu: anaondoka taratibu, hatua zake nzito, akiachwa nyuma hamfikii mtu. Dallas Stars, ambao nao walikuwa wamekwisha kuchagua wawili wengine siku ya kwanza, wakamchukua nafasi ya 39. Msimu wa 2022-23 Robertson alifunga mabao 46 na kumaliza na pointi 109, ukijumlisha mabao na pasi za mabao. Pointi hizo ni rekodi ya timu hiyo tangu ihamie Dallas mwaka 1993.

Wengi huisimulia habari hii kuwaumbua maskauti, wasaka vipaji wa timu. Mimi sioni hivyo. Miguu yake ilikuwa mizito kweli, na hata leo hayumo kati ya wenye kasi wa NHL. Walichokiona kilikuwapo. Kilichohitaji kazi zaidi ni kukipima: uzito huo unamnyima nini hasa mfungaji huyu, na mabao yake yanatokana na nini? Nashikilia kwamba maswali hayo mawili hayatenganishwi. Anayeandika "mfungaji hodari" kwenye ukurasa mmoja na "mzito" kwenye wa pili, kisha akajumlisha na kutoa, bado hajamchambua kijana.

Tuanze na uwanja wenyewe. Kiwanja cha NHL kina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, kimezungushiwa ukuta pande zote. Ndani yake watano kwa watano, kila upande na kipa wake, wanagombea kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170. Mchezaji hukaa barafuni kwa zamu ya sekunde 45 hivi, akatoka kuvuta pumzi, akarudi. Walio bora hupita kilomita 35 kwa saa. Katika nafasi finyu namna hiyo, na kwa kasi hiyo, nusu sekunde ni nyingi: gongo la beki limeshafika, njia ya shuti imeshazibwa. Na timu zinachagua mapema mno. Drafti ya NHL ina raundi saba, timu 32, nafasi 224, na wengi wa wanaochaguliwa wana miaka 18 tu. Skauti anamtazama mtoto anayeishi kwa familia ya wenyeji na kwenda shule asubuhi, akitakiwa aseme atakuwaje mwanamume wa miaka 22 au 23.

Sasa miguu. Kuna kijana mwenye kasi kubwa akishachanganya, lakini anachukua muda kuchanganya. Kuna anayeondoka kama inavyotakiwa, kisha akaishia hapo. Kuna mwepesi kwenye mstari ulionyooka ambaye akilazimika kukata kona anapoteza kila alichokusanya. Kuna anayeteleza vizuri mpaka aguswe bega, akayumba. Na kuna ambaye kipindi cha kwanza ni mmoja na kipindi cha tatu ni mwingine. Wote hao ripoti ya haraka huwaita wazito, na kila mmoja ana mustakabali wake.

Mtazame kwa karibu wakati kisahani kimepotea ghafla na mchezo unageuka. Anza na goti. Anayeteleza vizuri, goti lake limekunjwa mpaka linapita ncha ya kiatu, kifundo kimelala mbele, nyonga ziko chini. Akisukuma, mguu unanyooka wote, nyonga, goti na kifundo, kisha unarudi chini ya mwili kabla ya msukumo unaofuata. Kijana mzito wa aina inayoonekana zaidi kati ya wafungaji husukuma nusu. Amesimama wima mno, miguu imetanuka kama ya mtu anayetembea juu ya reli mbili, haikutani katikati, na kila hatua inaanza kabla ya ile ya nyuma kuisha. Anahangaika sana na haendi mbali. Mara nyingi chanzo ni kifundo kisichokunjika vya kutosha au nyonga zisizo na nguvu, wala si uvivu.

Halafu tazama kingo. Chuma cha kiatu cha barafuni kina unene wa milimita 3 hivi, na chini yake kimechimbwa mfereji, kwa hiyo kila kiatu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kusimama, kugeuka na kuzunguka huku umemgeuzia beki mgongo ni kazi ya kingo hizo. Kwa mfungaji, naziweka juu ya kila kitu. Kasi ya juu naiweka chini kabisa, kwa sababu mabao mengi hupatikana kwenye eneo dogo mbele ya lango, ambako hakuna aliyefika kwenye kasi yake ya juu. Pale kinachoamua ni hatua tatu za mwanzo, kingo, na uwezo wa kubaki wima ukisukumwa. Waliowahi kuwaona Ice Lions wa Kenya wakicheza kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, watanielewa. Barafu ile ni ndogo kuliko ya mashindano, kasi ya mbio ndefu haipati pa kuonekana, lakini anayechelewa kuondoka unamjua ndani ya dakika moja.

Je, uzito unatibika? Sehemu yake inatibika, na ushahidi upo. Barbara Underhill, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kwa wawili mwaka 1984 pamoja na Paul Martini, aliajiriwa baadaye na timu za NHL kurekebisha miguu ya wachezaji. Brian Boyle wa New York Rangers, jitu lililokuwa likiteleza kwa shida, alitoka mabao 4 msimu mmoja akafika 21 msimu wa 2010-11 baada ya kufanya naye kazi. Brayden Point alichaguliwa na Tampa Bay Lightning mwaka 2014 nafasi ya 79. Alikuwa mdogo wa mwili na kuteleza kwake kuliwatia watu wasiwasi. Tampa walimkabidhi kwa Underhill. Miaka sita baadaye alikuwa anawaacha mabeki wakiwa wamesimama, na katika safari mbili mfululizo za ubingwa, 2020 na 2021, alifunga mabao 14 kila mara kwenye hatua ya mtoano.

Lakini tusijidanganye. Mkao unafundishika. Goti lililonyooka linaweza kukunjwa, mguu unaweza kufundishwa kurudi chini ya mwili, nyonga zinaweza kuongezewa nguvu, hasa kwa kijana ambaye mwili wake haujakomaa. Ule mlipuko wa asili wa misuli hauongezeki sana. Kwa hiyo mzito mwenye mbinu mbovu ana matumaini kuliko mzito mwenye mbinu safi, jambo ambalo wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza hudhani nimekosea kuandika. Mwenye mbinu safi ameshatumia alichonacho. Mwenye mbinu mbovu bado ana akiba.

Tuje kwenye mabao, ambako kila mtu huzionea haya tarakimu. Mabao 42 ni mabao 42, nani abishe? Abishe anayejua yalivyopatikana. La kwanza la kuuliza ni umri. Mwisho wa kuhesabu umri wa drafti ni Septemba 15, na Robertson aliyezaliwa Julai 22, 1999 alikuwa kati ya wadogo wa kundi lake. Katika umri huo miezi kumi ni kilo kadhaa za misuli. La pili ni wenzake. Alex DeBrincat, mwenye kimo cha sentimita 170, alifunga mabao 51 msimu wake wa kwanza Erie Otters, timu aliyokuwamo nyota Connor McDavid, na watu wakasema ni mabao ya McDavid. McDavid akaenda zake NHL, DeBrincat akafunga 51 tena. Hata hivyo timu zilimpita mpaka Chicago wakamchukua nafasi ya 39 mwaka 2016, na msimu uliofuata, akiwa bado Erie, akafunga 65. La tatu ni mabao yaliyofungwa wapinzani wakiwa pungufu kwa sababu ya mtu aliyetolewa kwa adhabu. Kijana mwenye shuti kali akipewa nafasi na muda atakusanya mengi ya namna hiyo, na si dhambi, ila kwenye NHL muda huo hupewa wachache sana.

Wachambuzi wa takwimu, kuanzia kazi ya Gabriel Desjardins, wamejaribu kubadilisha pointi za ligi za vijana kuwa pointi za NHL. Kwa makadirio yao, pointi moja ya ligi kubwa za vijana za Kanada ina thamani ya theluthi moja ya pointi ya NHL au pungufu. Kipimo hiki kinasaidia kupanga kundi zima. Kwa mtu mmoja mwenye upungufu mmoja mkubwa kinapotosha, kwa maana hakijui kama mabao yake ni ya aina inayosafiri.

Yapo yasiyosafiri. Kijana anapita upande wa kulia, beki wa miaka 17 anamwogopa na kurudi nyuma, anampa mita tatu, naye anatulia, anainua kichwa, anachagua kona. Shuti zuri mno, bao safi, makofi. Beki wa NHL hampi mita tatu mtu asiyeweza kumpita kwa kasi. Anasimama pale pale na gongo lake liko mbele. Mzito ambaye mabao yake mengi ni ya namna hii, hata akifunga 60, mimi nina hofu naye.

Yanayosafiri ni haya. Kupiga bila kutuliza, mwili ukiwa tayari umeelekea lango kabla pasi haijaondoka. Kuvuta kisahani mpaka karibu na miguu na kukiachia hapo hapo, ili pembe ya shuti ibadilike wakati kipa amekwisha kujipanga, ufundi ambao Auston Matthews ameutumia kuwa mfungaji wa mabao 69 kwa msimu. Kugeuza shuti la mwenzako kwa ncha ya gongo ukiwa umesimama usoni pa kipa. Kufika kwanza kwenye kisahani alichotema kipa. Na zaidi ya yote, kupotea. Mfungaji wa kweli mwenye miguu mizito huwa na tabia ya kuonekana yuko nje ya mchezo, anazubaa nyuma ya mabeki, anapunguza mwendo wakati wote wanaongeza, halafu kisahani kinapofika yuko peke yake. Robertson alikuwa hivyo. Hakuwahi kuwashinda watu mbio kwenda mahali pazuri, alianza safari mapema.

Kwa hiyo ukitaka kumjua kijana wa aina hii, usimtazame wakati ana kisahani. Mtazame sekunde tatu kabla. Kichwa chake kinageuka mara ngapi? Anakwenda mahali palipo wazi au palipokuwa wazi? Ni kazi ya kuchosha kuifanya mechi kumi, na sijaona mashine inayoifanya vizuri kama jicho la mtu mwenye subira.

Watetezi wa wafungaji wazito hupenda kuutaja mwaka 1984, na wana haki. Katika drafti ile Los Angeles Kings walimchagua nafasi ya 69 Tom Glavine, kijana aliyekwenda kuwa gwiji wa besiboli na hakucheza hata mechi moja ya NHL. Nafasi ya 117 Calgary Flames wakamchukua Brett Hull. Nafasi ya 171 Kings wakamkumbuka Luc Robitaille, aliyeepukwa kwa sababu ya miguu. Hull alimaliza na mabao 741, Robitaille 668.

Mfano mtamu, ila unahitaji uangalifu. Hull alikuwa amefunga mabao 105 katika mechi 56, lakini katika ligi ya daraja la chini ya British Columbia, tena akiwa na miaka 19 na mwili uliozidi uzito. Skauti aliyesita hakuwa mjinga. Isitoshe, hoki ya wakati ule haikuwa hii. Mwaka 2005 NHL iliruhusu pasi ndefu inayovuka mistari miwili, na waamuzi wakaanza kuadhibu kwa ukali kushikana na kuvutana kwa magongo. Mchezo ukafunguka, kasi ikapanda bei. Mzito wa 1984 alicheza na watu waliopunguzwa mwendo kwa kushikwa. Mzito wa leo hana msaada huo. Mark Stone na Joe Pavelski wananishawishi zaidi kuliko Hull, kwa kuwa walifanikiwa baada ya mabadiliko hayo. Stone, nafasi ya 178 mwaka 2010, ameongoza NHL zaidi ya msimu mmoja kwa kuwapokonya wapinzani kisahani, na Juni 2023, akiwa nahodha wa Vegas Golden Knights, alifunga matatu peke yake katika mechi iliyoleta kombe. Pavelski, nafasi ya 205 mwaka 2003, aliishi kwa kugeuza mashuti ya wenzake mbele ya kipa na akapita pointi 1,000.

Wapo na walioanguka, nao hatuna desturi ya kuwataja. Pavel Brendl alifunga mabao 73 msimu wa 1998-99 akiwa na Calgary Hitmen, Rangers wakamchukua nafasi ya 4. NHL alicheza mechi 78 akafunga mabao 11. Shuti lilikuwa lile lile. Kilichopungua ni kila kitu kati ya shuti moja na jingine: pumzi, hamu ya kurudi kukaba, miguu ya kufika palipo na mchezo. Arthur Kaliyev, mzaliwa wa Tashkent aliyekulia New York, alifunga mabao 51 na Hamilton Bulldogs msimu wa 2018-19, akachaguliwa na Kings nafasi ya 33 kwa sababu watu walikuwa na shaka na kasi na bidii yake. Kwenye karatasi alifanana sana na Robertson, na kwa mabao alimzidi. Amewahi kufunga 14 na 13 katika misimu miwili ya NHL, kisha nafasi ikawa finyu, na Januari 2025 Kings walipomweka kwenye orodha ya wanaoachwa, Rangers wakamchukua bure.

Wawili hao wananiambia kitu ambacho Hull na Robitaille hawawezi kuniambia. Shuti na idadi ya mabao haviwatenganishi waliofika na wasiofika. Kinachowatenganisha ni kazi ya mzito asipokuwa na kisahani. Stone anakaba kwa kusoma mchezo na kwa urefu wa gongo lake. Pavelski alipigana kila zamu kwenye eneo ambalo watu hupigwa magongo ya mgongo. Robertson anashinda ugomvi wa ukutani kwa mwili wake mkubwa, na kisahani kikiwa chini ya ulinzi wake ni vigumu kukipokonya. Mzito anayefunga tu, siku asipofunga, kocha hana sababu ya kumweka barafuni.

Jambo la mwisho linalosahauliwa ni timu inayomchukua. Kwa misimu kadhaa huko Dallas, Robertson na Pavelski walicheza pande mbili za Roope Hintz, senta wa Kifini mwenye kasi kubwa. Hintz alibeba kisahani kuvuka mistari, akawasukuma mabeki nyuma, na mawinga wawili wazito wakaingia kwenye nafasi aliyoifungua. Watatu hao walikuwa moja kati ya safu bora za ligi. Waweke wawili hao na senta mzito mwenzao, nadhani tungesikia habari nyingine. Tena Dallas hawakumharakisha Robertson: alibaki OHL misimu miwili zaidi, akaongoza ligi nzima kwa pointi 117 msimu wa 2018-19, akapitia timu yao ya chini, Texas Stars, ndipo akapewa namba ya kudumu.

Kinachonisikitisha ni kwamba majaribio rasmi ya vijana kabla ya drafti, ambayo siku hizi hufanyika Buffalo, hayana hata dakika moja ya barafuni. Wanapimwa kuruka, kuvuta chuma, pumzi kwenye baiskeli. Mwaka 2014 Sam Bennett alishindwa kujivuta juu hata mara moja na vyombo vya habari vikamshikia bango. Mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa mtoano akiwa na Florida Panthers. NHL ina vifaa vinavyopima kasi ya kila mchezaji katika kila mechi yake, na tangu 2023 takwimu hizo ziko wazi kwa umma. Vijana wa ligi za chini wangepimwa hivyo hivyo, mjadala wa miguu ungeacha kuwa wa maneno: hatua tatu za mwanzo zina sekunde zake, na kipindi cha tatu kinaweza kulinganishwa na cha kwanza.

Mpaka hapo, uamuzi ni wa jicho na wa bei. Winga mzito mwenye kingo nzuri, mbinu ya msukumo mbovu, mabao ya mbele ya lango na hamu ya ugomvi wa ukutani, ningemchukua hata mwishoni mwa raundi ya kwanza, nikimwekea mwalimu wa kuteleza siku hiyo hiyo. Akikosa kingo, namsogeza raundi ya tatu. Akikosa hamu, simchukui. Senta mzito kwanza namwona kama winga, kwa kuwa senta hulazimika kurudi kukaba mpaka kwenye lango lake, na mita hizo 61 hazidanganyi. Beki mzito mwenye mabao namwachia mwingine: yeye hukimbizwa huku amegeuza mgongo, na hana Hintz wa kumfungulia njia.